Kuziba bomba la gesi nyumbani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wenye nyumba, wapangaji na wenye migahawa wa Kigoma mjini: Mwanga, Katubuka, Gungu, Mlole, Bangwe mpaka Ujiji. Mengi huja siku jiko limeshatolewa na bomba limebaki wazi ukutani. Ni bora yangekuja siku moja kabla, lakini tujibu hivyo hivyo.

Kigoma kuna gesi ya bomba kweli?

Gesi asilia ya kusambazwa mtaani, hapana. Ile inayosimamiwa na TPDC, shirika la Serikali la petroli na gesi, imeingia kwenye nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi, huku haijafika. Bomba tunalolizungumzia hapa ni lile linaloanzia kwenye mitungi iliyo nje, ya kilo 15 au 38, likapita ukutani mpaka jikoni. Mara nyingi ni la shaba, wakati mwingine la chuma. Utalikuta kwenye nyumba za wageni, migahawa, shule, na siku hizi kwenye nyumba za kuishi ambazo mwenyewe hakutaka mtungi ukae ndani. Yameongezeka zaidi baada ya Serikali kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024.

Kama una mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, huna bomba la kuziba. Soma tu sehemu ya harufu na ya mitungi.

Ni wakati gani bomba linatakiwa kuzibwa?

Kila mara kifaa kilichokuwa mwisho wa bomba kinapoondoka na kingine hakiingii siku hiyo hiyo. Mpangaji kahama na jiko lake. Jiko limehamishiwa ukuta wa pili. Oveni imeharibika, imepelekwa kwa fundi. Umehamia kwenye jiko la umeme. Hata kama fundi wa oveni kasema "kesho kutwa naileta", ziba. Wote tunaijua kesho kutwa ya fundi.

Lakini koki ya ukutani nimeifunga. Kizibo cha nini tena?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Koki ni ya kufungulia na kufungia gesi kila siku, kizibo ni cha kukomesha. Usimpe mmoja kazi ya mwenzake.

Koki nyingi za gesi majumbani ni zile za mpini mdogo, zinafunguka kwa robo mzunguko. Mpini ukilala sambamba na bomba gesi inapita. Ukikaa kukatisha bomba imefungwa. Maana yake ni kwamba kinachotenganisha jiko lako na mtungi ni kusukumwa kwa mpini kidogo tu. Mtoto anachezea, dada anayepiga deki anaugonga kwa ufagio, mtu anatundika mfuko wa vitunguu pale pale. Kifaa kikiwepo, mtu akifungua koki kwa bahati mbaya bado kuna koki za jiko lenyewe. Kifaa kikiwa hakipo, gesi inamwagika moja kwa moja chumbani, na haitoi mlio wa kumwamsha mtu usingizini.

Pili, koki huchakaa kwa ndani. Inaweza kuonekana imefunga vizuri huku inapitisha kidogo kidogo. Kwa hiyo koki ifungwe, halafu mbele yake kikae kizibo cha chuma kilichokazwa kwa spana. Vyote viwili.

Uvujaji mdogo unaweza kufanya nini?

Tupige hesabu. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Kilo moja ikishageuka mvuke inajaza karibu nusu mita ya ujazo. Chukua jiko la mita 3 kwa 3, dari mita 2.5: hizo ni mita za ujazo 22.5. Gesi hii ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Asilimia 2 ya jiko hilo ni mita za ujazo 0.45. Kwa hiyo kilo moja hivi, ikisambaa sawasawa, inatosha kukijaza chumba chote hadi kiwango cha kulipuka. Mtungi mdogo kabisa dukani ni wa kilo 3.

Na haisambai sawasawa. Ni nzito kuliko hewa, propeni kama mara moja na nusu na buteni kama mara mbili, kwa hiyo inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikitafuta mahali pa chini. Ndiyo maana dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Kwenye nyumba zetu zilizojengwa kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, gesi inayovuja jikoni inaweza kutoka kwa upenyo wa mlango wa nyuma ikashukia kwenye mtaro, au kwenye kibaraza cha chini ambako jirani ana jiko la mkaa na migebuka yake iko juu ya wavu. Moto unawaka kwake, unarudi kwako.

Naweza kuziba mwenyewe?

Kufunga mtungi, kuvua regyuleta (kile kipunguza presha kinachokaa mtungini), kufungua madirisha na kupaka povu la sabuni ni kazi za mwenye nyumba, kila mtu ajifunze. Kukata bomba, kutoa tii (kiungo cha njia tatu), kupanua ncha ya shaba na kukaza kizibo ni kazi ya fundi aliyesomea mabomba na anayeijua gesi. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi bomba, lakini si kila anayejua maji anajua gesi. Maji yakivuja utayaona.

Kipimo changu cha fundi ni chepesi: muulize atapimaje akimaliza. Akitaja geji ya presha na sabuni, mkaribishe. Akitoa kiberiti mfukoni, mlipe nauli ya bodaboda arudi alikotoka.

Fundi akija, kazi inakwendaje hatua kwa hatua?

Kwanza mtungi unafungwa kule nje, si koki ya jikoni. Kama ni mitungi miwili inayopokezana, yote miwili. Kisha kifaa kingine chochote kilicho kwenye mstari huo huo wa bomba kinawashwa, mpaka moto unywee na kuzimika wenyewe. Hiyo ni gesi iliyobaki bombani inaungua. Si nyingi: bomba la shaba la milimita 15 lenye urefu wa mita 10 linabeba lita moja na nusu hivi. Ikiisha, koki zote za jiko zifungwe. Kama hakuna jiko la kuiunguzia, milango na madirisha yafunguliwe, mkaa uliowaka utolewe nje, kisha bomba liachiwe taratibu lipumue.

Pili, regyuleta inavuliwa mtungini. Ya mtungi wa kilo 15 kwa kawaida ni ya kubana na kuachia. Ya kilo 38 inafungwa kwa nati, na hapo ndipo watu wanapoharibu vitu: nati hiyo huenda kinyume. Unafungua kwa kuizungusha kuelekea upande ambao kwa nati ya kawaida ungekuwa unakaza. Ziangalie kona za nati, utaona imechongwa vipengo vidogo katikati. Hiyo ni alama ya thredi (mikato ya skrubu) ya kushoto. Anayelazimisha kwa spana ndefu bila kuangalia anakula thredi, na mtungi haushiki vizuri tena.

Tatu, amueni pa kuziba. Hapa nina msimamo. Mafundi wengi huziba pale pale jiko lilipokuwa, kwa sababu ndipo panapofikika, na wanaacha mkia mrefu wa bomba lenye gesi ukipita ukutani bila kazi yoyote. Ukutani humo siku moja mtu atapigilia msumari wa kabati. Kama kifaa hakirudi, bomba lizibwe karibu na linapochepukia, kwenye ile tii, ili mkia wote ubaki mtupu. Kama kifaa kinarudi baada ya wiki mbili, kuziba mwishoni kunatosha.

Nne, ncha inasafishwa. Thredi zinapigwa brashi mpaka rangi, vumbi na mabaki ya tepu ya zamani yaishe. Ncha ya shaba inakaguliwa: ikiwa na ufa au imepinda, inakatwa sehemu nzima kwa kikata bomba, si kwa msumeno unaoacha vijiti. Kisha kizibo kinaingia, kwanza kwa vidole. Kikigoma mapema, kimeingia upande. Kitolewe kianze upya. Kikishika vizuri ndipo spana inapokuja, na spana ya pili inashikilia bomba kwa nyuma lisijipinde.

Tano ni kupima, na hapo ndipo kazi inapoonekana ni kazi. Fundi mzuri anaanza kwa hewa ya pampu ya mkono kabla ya kurudisha gesi, akiwa ameunga geji kwenye mstari. Geji ya bei nafuu na ya kuaminika ni mrija unaoona ndani, umepindwa, una maji nusu, umefungwa kwenye ubao wenye rula. Presha ya baada ya regyuleta majumbani huwa kama milibaa 30, na hiyo inasukuma maji mpaka tofauti ya pande mbili ifike sentimita 30 hivi. Anaacha kidogo yatulie, anaweka alama ya kalamu, mnakaa dakika tano mpaka kumi mkitazama. Maji yasiposogea, mstari umeshika. Yakishuka hata kwa upana wa ukucha, kuna mahali panavuja, na atafute.

Akipima kwa gesi yenyewe, afunge koki iliyo baada ya regyuleta kabla ya kuanza kuhesabu dakika. Asipofanya hivyo, gesi iliyobaki nyuma itakuwa inajazia kinachopotea, na maji yatasimama wima yakikudanganya.

Mwisho ni povu. Sabuni ya maji kwenye bakuli, maji kidogo, kipande cha sponji. Paka kuzunguka kizibo na kila kiungo kilichoguswa, halafu usiondoe macho. Uvujaji mkubwa hupuliza mapovu mara moja. Mdogo unahitaji subira: tundu moja dogo linaota kwenye shingo ya nati, linavimba, linapasuka, linaota tena pale pale. Ukiliona hilo, kazi haijaisha.

Kizibo gani kinakubalika?

Cha brasi au chuma, chenye thredi ileile ya bomba na ukubwa uleule. Bomba likiwa na thredi za nje linavaa kepu; likiwa na thredi za ndani linaingizwa plagi. Shaba iliyopanuliwa ncha ina kizibo chake maalumu kinachobana ule upana. Usipokipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini, acha mtungi umetenganishwa kabisa na mstari mpaka mzigo uje kutoka Dar. Hakuna haraka inayohalalisha kizibo cha plastiki cha maji.

Orodha ya vitu ambavyo watu huvitumia na havizibi: kitambaa kilichofungwa waya, kipande cha mti, nailoni na mpira wa baiskeli, gundi, nta ya mshumaa, sabuni ya kipande, tepu ya umeme. Hii ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi. Inaonekana nadhifu, lakini gundi yake inalegea kwa joto la jikoni.

Tepu nyeupe ya mafundi maji inafaa?

Nyembamba ile ya maji, hapana. Ipo nzito zaidi ya gesi, kwa kawaida ya manjano. Inazungushwa kufuata upande kizibo kinapokazwa, isivuke mdomo wa bomba, maana vipande vyake vikiingia ndani vinakwenda kuziba tundu za jiko. Kwenye ncha ya shaba iliyopanuliwa usitie tepu kabisa. Pale chuma kinabana chuma, na tepu inaharibu mbano.

Fundi anasema atakunja ncha ya shaba na kuiponda kwa nyundo. Ni sawa?

Si sawa. Shaba iliyopondwa inapata ufa kwenye mkunjo, mara nyingi usioonekana. Na ukija kutaka kuunga jiko jipya, umeshaharibu kipande cha bomba.

Wengine hupima kwa kiberiti, mbona hawaungui?

Walioungua hawaji kukusimulia. Tumia sabuni.

Je, mpira wa gesi unaweza kubaki ukining'inia baada ya jiko kutoka?

Uvuliwe kabisa, pamoja na klipu zake. Mpira hauzibiki. Ukiutia kijiti na klipu, presha haitakitoa leo, lakini mpira ukikauka utalegea. Ukiwa nao mkononi, soma tarehe iliyochapwa ubavuni. Ukiukunja ukaona nyufa ndogo, au umekuwa mgumu karibu na klipu, usiuhifadhi kwa ajili ya jiko lijalo. Ukatekate vipande ili hata anayeuokota jalalani asiutumie. Mpira pia haupitishwi ndani ya ukuta. Ukiukuta umepita ukutani, hilo ni tatizo lingine, mwambie fundi siku hiyo hiyo.

Nyumba haitatumia gesi tena. Nizibe upande wa jikoni tu?

Ziba ncha zote mbili, ya ndani na ya nje kwenye kizimba cha mitungi. Sababu ya kwanza ni nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Wakipata tundu la bomba lililo wazi, wanalifanya nyumba, na siku ukitaka kulirudisha utakuta udongo mkavu umejaa sentimita kadhaa ndani. Mvua za masika nazo huingiza maji. Sababu ya pili ni binadamu: mpangaji mpya akiona bomba limetokeza nje, ataunga mtungi bila kuuliza linakotokea.

Naweza kupiga plasta juu ya kizibo ili ukuta upendeze?

Usipige. Kizibo kikae mahali kinapoonekana na spana inapofika. Kilichofukiwa hakipimwi tena. Kama kinakukera macho, tengeneza kifuniko kidogo chenye matundu, andika juu yake kwa rangi: GESI, LIMEZIBWA, na tarehe.

Mtungi uliobaki nauweka wapi?

Nje, umesimama wima, pana hewa na kivuli, mbali na mtaro, kifuniko cha shimo la choo na dirisha la chini. Si uvunguni mwa kitanda, si stoo yenye friji. Mtungi unaoitwa mtupu bado una gesi ndani, kwa hiyo koki yake ifungwe na kifuniko chake kirudishwe. Usiulaze, kwa sababu ukilala gesi inaweza kutoka ikiwa bado ya maji, na lita moja ya maji hayo inatoa zaidi ya lita 200 za mvuke.

Nimesikia harufu baada ya bomba kuzibwa. Nifanye nini?

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa kabichi iliyooza umetiwa makusudi ili ujue. Usiwashe taa wala kuizima. Usichomoe friji. Usipige simu ukiwa ndani. Zima mkaa au mshumaa ulio chumba kingine, ikiwa unafikika bila kupita penye harufu. Toa watu, fungua milango njiani, nenda kafunge mtungi nje. Ukiwa mbali, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Mwambie na jirani wa upande wa chini wa mteremko.

Jambo moja la kukumbuka: pua huzoea. Ukikaa ndani ya harufu kwa muda utadhani imeisha. Mwite mtu aliyekuwa nje anuse mlangoni, na kama una mafua usijiamini kabisa.

Mimi ni mpangaji. Gharama ni ya nani?

Bomba la ukutani ni mali ya nyumba, jiko ni lako. Kwa maoni yangu anayeondoa kifaa ndiye anayehakikisha ncha imezibwa kabla ya kukabidhi funguo, hata kama baadaye mnahesabiana kwenye kodi. Mpige simu baba mwenye nyumba mapema, mwambie: "Mzee, natoa jiko Jumamosi, naomba fundi aje kuziba bomba, na wewe uwepo au umtume mtu." Mkimaliza, piga picha kizibo na geji, mtumie. Dalali asiwe ndiye shahidi pekee.

Ndugu yangu yupo Dar, anatumia gesi ya bomba la mtaani. Afuate maelezo haya?

Hapana. Kule gesi haina mtungi wa kuvua. Inaendelea kuja kutoka mtandaoni muda wote, na mita na koki yake ya nje ni vya msambazaji. Awaite wao. Pia gesi ile ni metheni, nyepesi kuliko hewa, hupanda na kukaa darini, kwa hiyo hata pa kutafutia uvujaji panabadilika.

Jiko jipya limekuja. Naweza kutoa kizibo mwenyewe?

Kabla hakijaguswa, mtungi ufungwe na gesi iliyo bombani iachiwe, hata kama una hakika koki ya ukutani imefungwa. Kisha fundi atoe kizibo, aunge mpira mpya na klipu mpya, apime tena kwa geji na povu. Kizibo chenyewe usikitupe. Kifunge kwa waya kwenye shingo ya bomba pale pale, kwa ajili ya mpangaji atakayefuata.